Kipima Kina cha Karatasi katika Maji ya Nyasa na Mtera

Vipima kina vinavyochora mwangwi kwenye karatasi vilitengenezwa kwa ajili ya bahari. Vitabu vyake vya maelekezo vinamzungumzia mvuvi wa maji ya chumvi, mwenye meli ya chuma na jenereta, anayevua juu ya sakafu inayoteremka polepole kwa maili nyingi. Mvuvi wa Kyela hana hata kimoja kati ya hivyo. Ana boti la mbao, injini ya petroli ya kufunga nyuma na betri ya gari. Mbele yake kuna Ziwa Nyasa, ambalo ufukwe wake wa Matema ni mchanga mtupu, na hatua chache kuelekea mashariki Milima ya Livingstone inatumbukia majini bila kusita. Mwenzake wa Mtera, mpakani mwa Iringa na Dodoma, ana bwawa lenye kina kifupi na miti iliyozama.

Mashine hizi zimewafikia wavuvi wetu kwa njia nyingi: zimenunuliwa mitumba, zimeng'olewa kwenye vyombo vikubwa, zimeachwa na miradi. Mara nyingi huishia stoo zikiwa na sifa mbaya kwamba ni mbovu au zinadanganya. Msimamo wangu ni kwamba sehemu kubwa ya lawama hizo haistahili kwenda kwenye mashine. Chanzo chake ni kuisoma karatasi kana kwamba maji ya Nyasa ni Bahari ya Kaskazini. Kuna hitilafu za kweli pia, na nitazieleza, lakini hata hizo hazitambuliki mpaka mtu ajue maji yake mwenyewe yanapaswa kuchora nini.

Kabla ya sauti, kina kilipimwa kwa kamba. Watu wa pwani wanaiita bildi, na ziwani wengi hufunga jiwe tu kwenye kamba. Kazi hiyo ya mkono haikuwa duni. Mwanzoni mwa karne ya 20 vitabu vya jiografia vilikuwa tayari vimeandika kwamba Nyasa ina kina cha pima 386, yaani mita 706 hivi, na hadi leo kina kirefu cha ziwa hili hutajwa kuwa mita 700 na ushei. Aliyelipima ziwa kwa miaka kadhaa alikuwa afisa wa majini Mwingereza, Rhoades, ndiye yuleyule ambaye Agosti 1914 aliishambulia meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann kwenye ufukwe wa mashariki wa ziwa hilihili.

Sauti ilikuja kushika nafasi ya kamba polepole. Katika miaka ya 1930 nahodha Mwingereza Ronald Balls alikuwa akitumia kipima kina kuwinda heringi, na mwaka 1935 Oscar Sund wa Norway alichapisha michoro ya mwangwi wa samaki wa Lofoten katika jarida la Nature. Mwaka 1948 ndugu wa familia ya Furuno, huko Nagasaki, walitoa mashine ya kutafutia samaki iliyowafaa wavuvi wa kawaida. Afrika Mashariki ilizijua mashine hizi zaidi kupitia watafiti. Ziwa Tanganyika lilikaguliwa kwa mwangwi katika miaka ya 1970, pwani ya Tanzania ikakaguliwa na meli ya Norway Dr. Fridtjof Nansen mwaka 1982 na 1983, na Nyasa ikapimwa katika miaka ya kwanza ya 1990 na meli ya utafiti iliyopewa jina la samaki wetu, Usipa.

Jambo la msingi ni hili: mashine inapima muda, basi. Kifaa kilicho chini ya boti, ambacho mafundi wanakiita transdusa, hupiga mlio mfupi kuelekea chini kisha husikiliza. Wakati huohuo sindano iliyofungwa kwenye mkanda unaozunguka huanza kushuka juu ya karatasi kutoka kwenye mstari wa sifuri. Mwangwi ukirudi, umeme hupita kwenye sindano na kuacha alama pale ilipofika. Watengenezaji wengi walichukulia kwamba sauti husafiri mita 1,500 kwa sekunde majini. Kwa kina cha mita 100 sauti huenda na kurudi mita 200, na hiyo ni sekunde 0.133. Sindano ikitembea kwa mwendo sahihi, namba ya pembeni itakuwa sahihi. Ikichelewa au ikiwahi, namba inakuwa ya uongo ingawa mchoro utaonekana safi kabisa.

Bahati nzuri kasi hiyo inaifaa Nyasa kuliko hata bahari yetu. Maji baridi yasiyo na chumvi, yenye nyuzijoto 25, hupitisha sauti kwa takriban mita 1,497 kwa sekunde, na maji ya chini ya ziwa, yenye nyuzijoto kama 22 na nusu, yako karibu na hapo pia. Baharini Dar es Salaam, penye joto na chumvi, kasi hupita 1,530. Kwa hiyo mashine iliyokuwa ikikosea kidogo Kilwa inaweza kuwa sahihi Matema bila kuguswa. Ipo faida nyingine: maji ya chumvi humeza sauti kali, yasiyo na chumvi huimeza kidogo sana. Mashine ya kilohezi 200, ambayo kitabu chake kinasema haifiki mbali, ziwani hufika mbali kuliko kilivyoahidi.

Swali la kwanza la kila anayewasha mashine ni achague kipimo kipi: 0 hadi 50, 0 hadi 100, au zaidi? Hapa ziwa lenyewe linajibu. Maji ya Nyasa hayachanganyiki hadi chini. Chini ya mita 200 hadi 250 hivi hakuna oksijeni, na pasipo oksijeni hakuna samaki. Ziwa lingekuwa na kina cha mita 300 au 700, kwa mvuvi wa usipa au hangu sakafu yake ya kazi ni mpaka huo wa hewa. Kutafuta samaki mita 400 ni kumaliza karatasi bure. Ningependa kila mashine inayofanya kazi Kyela iwekewe alama ya rangi kwenye mita 250, ili mtazamaji asihangaike na lolote lililo chini yake isipokuwa anatafuta sakafu kwa usalama wa chombo.

Kuna tabaka moja ambalo limewapotosha wengi. Mchana karatasi huonyesha utepe wa kijivu, mrefu, usiokatika, mbali chini karibu na mpaka wa hewa. Jua likizama utepe unapanda. Usiku umesambaa maji ya juu, na alfajiri unashuka tena. Mtu aliyesoma kitabu cha bahari atasema amepata kundi la samaki lisilo na mwisho. Atatupa nyavu na kupata kidogo au asipate kitu. Utepe huo kwa sehemu kubwa ni mabuu ya wale wadudu wadogo ambao, wakishakomaa, hupaa juu ya ziwa katika mawingu meusi yanayoonekana kutoka mbali, na ambao watu wa kandokando ya ziwa huwakusanya, kuwakanda na kuwala. Buu moja ni dogo na jembamba, lakini mwilini lina vifuko vya hewa, na sauti hurudishwa na hewa kuliko nyama. Mabuu milioni kwa milioni, kila moja na vifuko vyake, yanatosha kuchora sakafu ya pili katikati ya maji.

Utepe huo una thamani. Samaki kadhaa wa maji ya wazi hula mabuu hayo, hivyo alama za samaki hutafutwa kwenye kingo zake. Kinachotakiwa ni kutenganisha. Mwenye mashine ya masafa mawili abadilishe kutoka kilohezi 200 kwenda 50: mabuu hufifia sana, samaki hubaki. Mwenye masafa mamoja apunguze nguvu ya kupokea hatua kwa hatua. Utepe laini utapotea kwanza na kuacha madoa meusi yenye umbo. Madoa hayo ndiyo ya kushughulikia. Kosa ninaloliona kubwa kuliko yote katika kuendesha mashine hizi ni kuweka nguvu ya kupokea juu kabisa kwa imani kwamba karatasi nyeusi ni karatasi yenye samaki.

Umbo nalo lina maana yake. Boti likitembea, samaki mmoja mkubwa huchora upinde: anaingia ukingoni mwa koni ya sauti akiwa mbali kidogo, anakuwa karibu anapopita chini ya boti, kisha anakuwa mbali tena. Boti likisimama, samaki huyohuyo akituama chini yake huchora mstari mrefu wa kulala. Hili ni muhimu kwa uvuvi wa taa, kwa sababu boti la taa halitembei. Chini ya karabai au taa za sola, usipa wakikusanyika, karatasi haionyeshi upinde hata mmoja. Huonyesha wingu linalonenepa na kupanda kuelekea mstari wa sifuri kadiri usiku unavyokwenda. Hapo mashine haimtafuti samaki, maana taa imeshamwita. Inamwambia mvuvi amekaa mita ngapi chini na kama ameacha kupanda, na hayo mawili ndiyo yanayoamua wavu ushushwe lini na kwa kina gani.

Sasa tuseme boti linatoka Matema kwenda Ikombe, chini ya Milima ya Livingstone, mashine ikiwa kwenye kipimo cha 0 hadi 100. Mbele ya mchanga mstari wa sakafu ni mnene na mweusi, na una mkia mfupi, kwa kuwa mchanga hurudisha sauti vizuri. Karibu na mito inayoleta tope mkia huo hulegea, kwa maana tope huimeza sauti. Kisha mstari unaanza kuinama, unainama zaidi, unatoka nje ya karatasi kwa chini. Dakika chache karatasi ni nyeupe. Ghafla, kwenye mita 40, mstari mwembamba unatokea na kusogea taratibu. Mwendesha boti anashtuka: mwamba!

Hakuna mwamba. Mwangwi wa sakafu iliyo mita 240 umechelewa kiasi cha kuukuta mkanda umeshazunguka mara mbili na uko kwenye mzunguko wa tatu, nao umechorwa kwenye mita 40 za mzunguko huo. Kumtambua mwongo huyu ni rahisi. Badili kipimo. Sakafu ya kweli huhama mahali kwenye karatasi lakini hubaki na namba ileile, wakati ya uongo hubadili namba. Vilevile sakafu ya uongo huwa dhaifu na haina mkia, na katika kina kifupi haiwezekani kabisa. Isipokuwa pale maji yanapokuwa mafupi sana hutokea uongo wa namna nyingine: sauti hudunda kati ya sakafu na uso wa maji, na mita 8 inarudiwa kama 16 na 24.

Mteremko wa Livingstone una hatari ambayo karatasi haiwezi kuionyesha. Koni ya sauti yenye upana wa digrii 20 ikifika mita 100 chini, imeshapanuka hadi mita 35 hivi. Kwenye sakafu tambarare hilo halina madhara. Kwenye ukuta ulioinama digrii 45, mahali ambapo chini ya boti kuna mita 200 kamili, ukingo wa koni ulioelekea mlimani hugusa ukuta mapema, na mashine huandika kama mita 173. Samaki yeyote aliye chini ya boti kati ya 173 na 200 amezikwa ndani ya weusi wa sakafu. Mvuvi atasema hapa hakuna kitu, kumbe wapo. Nafuu yake ni kusafiri sambamba na ukuta badala ya kuukabili, na kutoamini nafasi nyeupe iliyo juu tu ya sakafu ya mteremko. Karatasi pia hukuza miteremko: boti likienda mita 120 kwa dakika na karatasi ikisogea milimita 20 kwa dakika hiyo, milimita moja ya ulalo ni mita 6, wakati milimita moja ya wima, kwenye kipimo cha 0 hadi 100 kilichochorwa katika sentimita 15, haifiki hata mita moja. Mlima unaouona umekuzwa karibu mara tisa.

Nije kwenye hitilafu zenyewe. Mashine isipowaka kabisa, angalia fyuzi, kutu kwenye vichwa vya betri, na kama nyaya hazikugeuzwa. Hayo hayahitaji maneno mengi. Ikiwaka, mkanda ukazunguka lakini karatasi ikabaki safi, tazama sindano. Sindano huisha kwa kuchoma karatasi, na ikifupika haigusi tena. Pengine karatasi imewekwa kinyume: karatasi kavu ina upande mmoja wenye rangi ya kijivu unaochomwa na kufichua kaboni nyeusi ya ndani, na upande huo ndio unaokutana na sindano. Zima umeme kabla ya kuingiza kidole, kwani sindano hubeba mamia ya volti. Vumbi jeusi linalobaki lifutwe kila baada ya safari kwa kitambaa kikavu, maana ni kaboni na hupitisha umeme pasipotakiwa.

Mashine za zamani zaidi hutumia karatasi mbichi, iliyolowekwa iodidi ya potasiamu na wanga, ambayo umeme huigeuza kahawia. Hizi huishi ndani ya kopo lililofungwa. Katika ukame na upepo wa Mtera karatasi hiyo hukauka na kujikunja kabla haijatumika, na alama hufifia. Kyela, moja ya wilaya zenye mvua nyingi nchini, shida ni kinyume: karatasi kavu hunyonya unyevu, hulegea na kuchanika kwenye rola. Kuihifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko, pamoja na mkaa mkavu, ni jambo dogo lenye faida kubwa.

Hitilafu ninayoiogopa kuliko zote haina dalili kwa macho. Mota ya mkanda ikipungua mwendo kwa sababu betri imechoka, sindano inakuwa haijafika mbali mwangwi unaporudi, na kina kinaandikwa kifupi: kwa upungufu wa asilimia 5, mita 100 inakuwa 95. Mota ikienda mbio kupita kiasi, kina kinaandikwa kirefu, na huko ndiko vyombo vinakopanda fungu. Dawa yake ni kamba. Siku ya maji tulivu, simamisha boti mahali penye mita 20 au 30, shusha bildi iliyopigwa alama, linganisha, kisha andika tofauti pembeni mwa karatasi. Usisahau kwamba mashine hupima kuanzia usoni mwa transdusa, iliyozama sentimita kadhaa, ilhali kamba hupima kuanzia juu ya maji.

Transdusa yenyewe huteseka zaidi kwenye boti za mbao. Ubao una hewa ndani yake na sauti haipiti, kwa hiyo kuibandika ndani ya boti ni kazi bure. Ifungwe kwenye bomba au ubao imara ubavuni, uso wake ukitazama chini wima, chini ya usawa wa mapovu ya omo na mbali na pangaboi. Karatasi yenye mchoro mzuri boti likisimama, na mistari iliyokatika likienda mbio, inaonyesha mapovu karibu kila mara. Upepo wa kusi unapochafua ziwa, mapovu huletwa na mawimbi yenyewe, na hapo hakuna fundi wa kulaumiwa. Uso wa transdusa usuguliwe kwa sabuni kabla ya kushusha, kwani utando wa hewa unaoganda juu ya uso mkavu au wenye mafuta huzuia sauti. Mwani uondolewe kwa kitambaa, kamwe si kwa kisu.

Vidoa vinavyojipanga kwa mpangilio, au mistari ya mshazari isiyofanana na chochote majini, hutoka kwenye injini ya petroli: cheche za plagi zinasikika kwenye waya. Zima injini huku mashine ikichora. Vikitoweka, tenga betri ya mashine na ya injini, na upitishe waya wa transdusa upande wa pili wa boti. Visipotoweka, tazama kama boti la jirani nalo lina kipima kina.

Mtera ni habari tofauti kabisa. Bwawa lilikamilika mwaka 1980 ili kuhifadhi maji kwa ajili ya kituo cha umeme cha Kidatu, na kituo chake chenyewe cha umeme, cha megawati 80, kikaja mwaka 1988. Maji yake hupanda hadi usawa wa mita 698.5 juu ya bahari, na kituo hakitakiwi kuendeshwa yakishuka chini ya 690. Tofauti hiyo ya mita 8.5 ni sehemu kubwa ya kina ambacho mvuvi wa perege na kambale anakitegemea. Mashine iwekwe kipimo kifupi kuliko vyote na nguvu ya kupokea iwe chini sana, la sivyo mlio wenyewe utafunika mita za kwanza zote. Miti iliyosimama majini huchora alama zinazofanana na makundi ya samaki, ila mti huanzia sakafuni na hauhami ukirudia njia. Kuijua miti hiyo kunaokoa nyavu, na perege wenyewe hupenda kujificha humo. Ama Ziwa Rukwa, ambalo ufukwe wake wa kusini uko Songwe tangu mkoa huo ulipoundwa mwaka 2016, kina chake ni kifupi na maji yamejaa tope. Sioni sababu ya kupeleka mashine huko. Upondo unatosha.

Je, inafaa kuhangaika na karatasi wakati skrini ndogo zimejaa madukani, na watengenezaji wengi wameziacha mashine za karatasi tangu miaka ya 1980 na 1990? Kwa anayenunua leo, skrini ni rahisi, haili karatasi na vipuri vyake vinapatikana. Ila skrini nyingi za bei nafuu huchora alama ya samaki zenyewe kwa kukisia, na ndani ya wingu la mabuu la Nyasa hukisia vibaya. Anayejifunzia karatasi anajifunza kutofautisha mwenyewe. Zaidi ya hayo, karatasi inabaki. Mikunjo ya karatasi kavu inaweza kuwekwa pamoja na kulinganishwa msimu kwa msimu: utepe ulipanda saa ngapi, usipa walituama mita ngapi, mchanga wa bandari ya Itungi umejaa kiasi gani. Vikundi vyetu vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi (BMU) havina kumbukumbu ya namna hiyo, na kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi (TAFIRI) kilichoko Kyela ndicho mahali pa kuipeleka.

Kwa hiyo mwenye mashine inayofanya kazi aandike kwa kalamu juu ya karatasi yenyewe, kabla boti halijafika ufukweni: tarehe, saa, mahali, kipimo kilichotumika, kiasi cha nguvu ya kupokea na kilichopatikana wavuni. Karatasi mbichi ipigwe picha kwa simu siku hiyohiyo, kwa kuwa rangi yake haidumu. Mvuvi wa Mtera aongeze usawa wa maji ya bwawa siku hiyo. Bila namba hiyo, kisiki kilichochorwa mita 5 chini mwezi Mei, mvua zikiwa zimejaza bwawa, hakitatafutika tena Novemba.